Nikimaliza

Mwezi wa Julai ni mwezi wa mavuno kwetu Sindeni, nao ni mwezi wa mitihani vyuoni. Kule mahindi ya masika huvunjwa na kurundikwa uani. Huku madaftari ya majibu hufungwa kwa kamba, mafungu kwa mafungu, na kukabidhiwa wasahihishaji. Kwa miaka mingi misimu hiyo miwili iligombana ndani ya nafsi yangu, na kila mwaka msimu wa karatasi ndio ulioshinda.

Mwaka 2017 nilijaribu kuipatanisha. Nilipanda basi Dar es Salaam alfajiri, nikapita Chalinze, Mkata na Segera, nikashuka Korogwe. Hapo nikachukua gari dogo liendalo kusini kwa barabara ya Handeni, mpaka Sindeni, katika nchi ya Wazigua. Mkononi nilikuwa na mfuko wa nguo, na begani begi zito lililobeba madaftari 186, kalamu nyekundu tatu na fomu za alama. Mama alinipokea uani. Tulipokwisha kuamkiana alilipapasa lile begi kwa viganja vyake viwili, kama apapasaye gunia, akauliza:

"Umetuletea sukari, mwanangu?"

"La, mama. Ni mitihani ya wanafunzi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, karibu na mitihani yako."

Hakusema kwa lawama. Mama si mtu wa kulaumu kwa mafumbo. Akiwa na neno hulisema wazi. Lakini usiku ule, nikiwa nimekaa mkekani chini ya taa ya sola na kalamu yangu nyekundu, ndipo nilipotambua kwamba begi lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe jina la kongamano la wataalamu, na kwamba kwa umbali ule mama alilazimika kulipapasa ili ajue ni nini. Kusoma alikujua tangu enzi za elimu ya watu wazima. Kuona ndiko kulikokuwa kukimwacha.

Habari hizo hazikuwa ngeni kwangu. Mdogo wangu, ambaye nyumba yake imepakana na ya mama, alinipigia simu miaka miwili kabla ya siku ile. Alisema mama anagonga bega kwenye mwimo wa mlango, mara la kulia, mara la kushoto. Kuku wakitokea ubavuni anashtuka kama kwamba wameanguka kutoka juu. Na chai anaimimina kando ya kikombe. Nikamjibu kuwa huenda ni mtoto wa jicho, maradhi ya uzee, na kwamba nitakuja nimpeleke hospitali nikimaliza kusahihisha. Nikamaliza kusahihisha, kukaja makala iliyotakiwa na jarida. Nikaahidi kwenda nikimaliza makala. Nikaimaliza, likaja kongamano. Baada ya kongamano ikaja tasnifu ya mwanafunzi ambaye ada yake ilikuwa inakaribia kwisha. Kila jambo katika hayo lilikuwa la haki. Hakuna hata moja nililolizua ili nimkimbie mama yangu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: kwamba sikumwacha kwa ajili ya upuuzi, nilimwacha kwa ajili ya mambo ya maana, moja baada ya jingine, na yote yalipangwa nyuma ya neno moja dogo: nikimaliza.

Ungeuliza, msomaji, kwa nini mdogo wangu hakumpeleka yeye. Nami nilimwuliza. Alinijibu kwamba mama alikataa. Alisema atangoja nije mimi, maana mimi ndiye msomi, mimi ndiye nijuaye kusema na madaktari.

Nilimpeleka wiki ile ile, madaftari yakabaki Sindeni juu ya kabati. Daktari alimpima kwa utulivu na kwa heshima, kisha akanieleza nje. Haukuwa mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutiwa mkasi, na aliyekuwa haoni akaona tena. Haya yalikuwa ni maradhi yaitwayo presha ya macho: shinikizo la maji ya ndani ya jicho huuharibu polepole mshipa upelekao nuru kwenye ubongo. Mara nyingi hayaumi. Huanza kula pembeni, yakiliacha katikati la mwisho, hata mgonjwa huweza kuuona uso ulio mbele yake na asiuone mwimo wa mlango ulio begani mwake. Matone ya dawa huyazuia yasisonge mbele, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. La kulia lilikuwa na nafasi, kama tutashika matone asubuhi na jioni bila kukosa. Sikumwuliza daktari hali ingekuwaje kama tungekuja miaka miwili mapema. Nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Nimelianza jambo hili kwa macho ya mama kwa sababu sipendi kulizungumza kwa maneno mapana. Siku hizi vyuoni tunahimizwa kuwa na mizani baina ya kazi na maisha. Huandaliwa semina, na mara nyingi semina hizo huwekwa siku ya Jumamosi. Husemwa kwamba mtu alale vyema, atembee jioni, ale matunda. Hayo ni mazuri. Lakini hayakugusa lile lililokuwa likinipata, kwa sababu mimi nililala, na matunda nilikula. Nilichokosa ni kujua kazi yangu inaishia wapi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi wa Oktoba mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, na madarasa yake yalikuwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Leo mhadhiri wa nchi hii akisimama mbele ya watu mia tatu haoni ajabu. Milango ya elimu ya juu imefunguliwa, hasa baada ya Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Dodoma kufunguliwa mwaka 2007. Na mimi, mtoto wa mkulima wa Sindeni, ningekuwa wa mwisho kuilalamikia neema hiyo. Lakini kila mwanafunzi ana daftari lake la majibu, na kila daftari lina haki ya kusomwa na mtu aliye macho. Juu ya hayo kuna utafiti, maana kupanda cheo kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, na kutoka hapo hadi profesa mshiriki, huhesabiwa kwa machapisho. Wazee waliotutangulia walikuwa na dhiki zao: katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, wengi walifuga kuku ili mshahara ufike mwisho wa mwezi. Sisi hatufugi kuku sana. Tunafuga makala.

Sheria haikutusahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Lakini bawabu wa chuo akikabidhi funguo kwa mwenzake, zamu yake imekwisha. Mhadhiri akifunga mlango wa ofisi, anatoka na kazi kichwani, hupanda nayo daladala, huila pamoja na wali, hulala nayo. Zamani alau ilibakia kichwani. Sasa iko pia mfukoni, ndani ya simu, na kundi la WhatsApp la idara halijui Ijumaa wala Jumapili.

Wala sitasema kwamba nililazimishwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiona fahari. Mtu akiniuliza habari za siku nyingi nilikuwa nikijibu, "Kazi tu," na ndani ya jibu hilo mlikuwa na kiburi kidogo. Methali zetu nazo ziliniunga mkono. Hesabu methali za Kiswahili zinazosifu bidii na kuusuta uvivu: ajizi nyumba ya njaa, mtaka cha mvunguni sharti ainame, mchumia juani hulia kivulini. Nilizijua zote na kuzifundisha. Hiyo ya mwisho inasema kwamba kivuli kipo, na kwamba kuna kula. Mimi nilisomesha nusu yake ya kwanza tu.

Siku zile za hospitali, tukiwa tumerudi nyumbani, nilianza kumtazama mama kwa jicho la mtu aliyeshtuka. Nikakumbuka utoto wetu. Baba alifariki tukiwa wadogo, na mama alitulea kwa jembe. Aliondoka kabla jua halijatoka, akarudi jua likiwa utosini, na akifika hakuingia na jembe ndani. Alilikung'uta udongo, akaliegemeza ukutani nje ya mlango, akanawa miguu, ndipo akaingia. Hata msimu wa wezi jembe lililala nje. Tulikuwa tukimsikia akilikung'uta mara tatu, nasi tulijua kwamba mama amefika. Na kiangazi, nilikumbuka, alikuwa akikaa kibarazani akisuka ukili, akitusimulia hadithi hata mbalamwezi ikazama. Kumbe, nikajiambia, mkulima ana mizani ambayo sisi wasomi tumeipoteza: msimu wa kazi na msimu wa mapumziko, jua la kulima na kivuli cha kukaa. Nikakumbuka pia kwamba hata likizo ya utafiti wanayopewa wahadhiri, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuitoa mwaka 1880, asili yake ni shamba: ni ile amri ya Torati kwamba mwaka wa saba ardhi iachwe ipumzike. Vyuo vyetu navyo huitoa, na wengi wetu tukiipata huenda kufundisha chuo kingine.

Nilifurahi na ugunduzi huo. Jioni moja, tukila bada kwa mboga ya mchunga, nikamweleza mama kwamba maisha yake yalikuwa na mizani kuliko yangu, na kwamba ningependa kuandika makala juu ya jambo hilo.

Mama alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Mwanangu," akasema, "wewe unadhani kiangazi nilipokaa kibarazani nilikuwa napumzika? Nilikuwa sina cha kulima. Mvua haikuwapo. Hadithi niliwasimulia ili msinzie kabla njaa haijawauma. Na maji je? Huyakumbuki maji? Niliondoka usiku kwenda lamboni nirudi na ndoo moja ya tope. Nani alikuambia mimi nilikuwa na mapumziko?"

Nilinyamaza. Handeni ni nchi ya ukame, na kila aliyezaliwa huko kabla ya mabomba anaijua ndoo ile. Nami niliibeba. Nilikuwa nimeisahau, kwa sababu nilihitaji kijiji kisicho na ndoo ili kinifae kwa makala. Hilo nalo ni kosa la kazi yetu: hata kupumzika kwa mama nilikuwa nimekwisha kukugeuza chapisho.

"Na jembe?" nikauliza. "Kwa nini ulikuwa ukiliacha nje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kwa sababu nyinyi mlikuwa ndani," akasema, akaendelea kula.

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka kadhaa, na kila nikilirudia naona kwamba halikunipa raha niliyoitafuta. Mama hakuwa na mizani ya saa. Alifanya kazi nyingi kuliko mimi, kwa malipo madogo kuliko yangu, na mwili wake una ushahidi. Alichokuwa nacho ni mlango. Alijua kwamba kazi haitakwisha, mvua ikinyesha au isinyeshe, na kwa hiyo hakungoja ikwishe ndipo awe mama. Kazi iliyobaki aliiacha ibaki nje, ikiwa na tope lake, akaingia kwa watoto na mikono mitupu.

Wasomaji wa kurasa hizi ni wapenzi wa mashairi, nao wameshakumbuka kwamba neno mizani tunalo zamani, kabla ya semina za Jumamosi. Nilipokuwa mwanafunzi wa utafiti nilikaa Unguja miezi kadhaa, na mzee mmoja wa Mji Mkongwe, mpenzi mkubwa wa tungo, alikuwa akinifundisha barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi nilikuwa nimekisoma chuoni. Mzee yule alinifundisha kwa vidole. Alikuwa akighani mshororo polepole, kidole kimoja kwa kila silabi, nane katika ukwapi, nane katika utao. Na alipofika katikati, pale ukwapi unapokwisha na utao haujaanza, alivikunja vidole vyote na kuvuta pumzi.

"Hapa, binti yangu," aliniambia, "usiparuke. Ukiparuka hapa, hata kama silabi zimetimia, mwimbaji atakata roho."

Wakati ule niliandika daftarini kwamba mshororo una mizani kumi na sita. Ile pumzi sikuiandika, kwa kuwa haina silabi. Leo naona kwamba ndiyo iliyokuwa somo. Kiswahili kinatuonyesha wazi: kupumzika kunatokana na pumzi. Si zawadi ya mtu aliyekwisha kumaliza mshororo. Iko katikati ya mshororo, utao ukiwa bado haujaimbwa, na bila yake shairi haliimbiki. Shairi lililoharibika vina au mizani huitwa guni. Nami, kwa miaka ile, nilikuwa nimejaza ukwapi silabi kumi na sita zote, nikingoja nafasi ya utao ijitokeze.

Niseme nilichobadili, kwa ufupi, maana si kikubwa. Nilijitoa katika kamati mbili. Niliacha kusahihisha baada ya saa kumi na mbili jioni. Saa yetu ya Kiswahili huugawa mchana na usiku mahali hapo hapo, nami nikaamua kuifuata. Simu ya kazi huilaza jikoni. Na mwezi wa Julai huchukua likizo yangu mapema kabla madaftari hayajaja, au nikishindwa, huyasahihisha yote Dar es Salaam na kwenda Sindeni na sukari.

Mabadiliko hayo yana bei, nami singependa kuificha. Cheo nilichokitarajia kilichelewa miaka mitatu, na wenzangu wawili niliowahi kuwafundisha wamenipita. Siku waliposherehekewa nilipiga makofi, na moyo uliniuma. Bado kuna usiku ambapo naamka na kuifuata simu jikoni. Najua pia kwamba mwenzangu aliye na mkataba wa muda, ambaye mwakani huenda asiitwe tena, hana ruhusa ya kujitoa katika kamati yoyote. Kumwambia aweke mizani ni kumwambia mwenye ndoo moja ya tope kwamba aoge mara mbili. Kwake yeye mlango hauwezi kujengwa na nafsi yake peke yake. Ni lazima ujengwe na sisi tulio juu yake, kwa kutompelekea ujumbe usiku na kwa kutoita bidii kile ambacho ni woga.

Jicho la kulia la mama lingali na nuru. Haoni herufi za kitabu, lakini anauona uso wa mtu akiketi mbele yake, na mbalamwezi anaiona. Matone ya asubuhi anatiwa na mke wa mdogo wangu. Ya jioni nimeyafanya kuwa zamu yangu, ingawa niko mbali: kila siku saa moja usiku napiga simu, na mjukuu anamtia huku mimi nikihesabu kwa sauti, tone moja, kisha nasubiri naye amefumba macho mpaka dawa iingie. Tunapongoja huzungumza habari za mvua, za mbuzi, za nani ameoa. Dakika zile hazina faida yoyote ya kitaaluma.

Jana aliniuliza, kama anavyoniuliza mara kwa mara, "Umemaliza kazi, mwanangu?"

"Sijamaliza, mama," nikamwambia. "Nimeiacha nje."

Nikamsikia akicheka, macho yamefumba, akingoja tone liingie.